Abiria Saba wa Injinia

Mara ya kwanza kuonana na Injinia, alikuwa amepiga magoti sebuleni kwangu, sikio karibu na sakafu, akilisikiliza bomba la joto. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Januari 2003. Mimi na binti yangu Neema tulikuwa na miezi minne tu Toronto, tukiishi ghorofa ya kumi na mbili katika mojawapo ya majengo ya Crescent Town, na joto lilikuwa limekatika tangu alfajiri. Neema alikuwa na miaka minne. Nilikuwa nimemvika koti lake, kisha langu juu yake.

Sikujua kama yule mzee ni mtu wa kwetu. Alivaa nguo za kazi za buluu na kofia ya sufu iliyoshuka hadi kwenye nyusi, na tangu aingie hakuwa amesema lolote zaidi ya salamu ya Kiingereza. Nikamwambia Neema kwa Kiswahili asogee, asije akamkanyaga babu vidole. Mzee akageuza shingo bila kuinuka.

"Mnatoka wapi?"

"Morogoro. Shikamoo."

"Marahaba." Akarudi kwenye bomba lake. Baada ya kitambo akasema, "Ni chokaa. Maji ya huku yana chokaa, inaganda ndani ya boila. Shukuru Mungu si chumvi. Mwaka elfu moja mia nane thelathini na tatu kuna watu walivuka Atlantiki kwa meli ya mvuke, na kila siku ya nne ilibidi wazime moto katikati ya bahari ili kukwangua chumvi kwenye boila. Siku nzima na zaidi. Abiria walikuwa saba. Hawana la kufanya, wanangoja tu."

Nilidhani ananitania. Nilimwuliza joto litarudi lini.

"Saa nane," akasema.

Lilirudi saa nane kasorobo.

Wote tuliozungumza Kiswahili katika majengo yale tulimwita Injinia. Kazi yake ilikuwa kuangalia boila za majengo mawili, na chumba chake cha kazi kilikuwa chini kabisa, kwenye ghorofa ya chini ya ardhi, baada ya chumba cha kufulia nguo. Zamani alikuwa mchochezi wa moto wa boila, halafu fundi, katika meli ya mvuke ya Ziwa Viktoria. Alikuja Kanada mwanzoni mwa miaka ya tisini. Hayo ndiyo niliyoyajua mwaka wa kwanza, na hata baadaye hayakuongezeka sana. Hakuwa mtu wa kueleza maisha yake. Ukimwuliza habari ya Mwanza, atakujibu habari ya boila.

Lakini uliza habari ya meli, hasa meli za mwanzo zilizobeba abiria kuvuka Atlantiki kwa nguvu ya mvuke, na mzee atavuta kiti cha pili.

Aliipenda zaidi ya zote ile Royal William, iliyoundwa Quebec. Alijivunia kuwa ni meli ya Kanada, ingawa Kanada yenyewe aliilalamikia kila siku. Aliniambia kuwa iliondoka bandari ndogo ya Pictou, huko Nova Scotia, mwezi wa Agosti, ikaelekea Uingereza. Ilikuwa na dohani moja, milingoti ya matanga kwa tahadhari, na magurudumu mawili makubwa ya makasia ubavuni. Karibu shehena yote ilikuwa makaa ya kuilisha yenyewe. Zaidi ya makaa kulikuwa na sanduku la ndege waliokaushwa, magogo machache ya kutengenezea milingoti, samani za nyumbani na kinubi.

"Kinubi," alirudia, akainua kidole. "Mtu anahama, dunia nzima inamwambia chombo hiki kitazama, na yeye anapakia kinubi."

Karibu na Newfoundland wakakumbwa na dhoruba. Injini ya upande wa kulia ikafa. Maji yakaingia, fundi akapanda kumwambia nahodha kwamba meli inazama. Haikuzama. Ikaenda siku kumi kwa injini moja. Hapo ndipo Injinia aliponyamaza na kukutazama, akingoja uulize swali. Ukiuliza, "Kwa hiyo ilifika?" alikasirika. Alitaka uulize ilifikaje: maji waliyatoa vipi, nani alilala na nani hakulala, wale abiria saba waliambiwa nini au hawakuambiwa chochote.

"Nahodha jina lake lipo," aliniambia siku moja. "Kinubi kipo kwenye orodha. Hata ndege waliokufa wapo kwenye orodha. Abiria, katika karatasi zote nilizopata mimi, wameandikwa 'saba'. Basi."

Karatasi hizo alizipata kwenye maktaba kuu ya mjini. Kila Jumatatu, siku yake ya mapumziko, alivaa suruali yenye mkunjo, akachukua treni ya chini ya ardhi, akakaa huko hadi jioni akitoa nakala. Aliziweka kwenye majalada ya plastiki, na majalada akayapanga kwenye rafu ya chuma chumbani kwa boila, juu ya makopo ya grisi. Hayakuwa na tone la mafuta. Kabla ya kuyagusa alinawa mikono mara mbili.

Kulikuwa na kijana mmoja Mkenya ghorofa ya tisa aliyependa kumchokoza. "Sasa Mzee Titanic, mambo?" Injinia alichukia mno. Hiyo ilikuwa meli ya juzi, alisema, ya watu waliokwisha kuzoea, yenye muziki na mabafu. Yeye aliwataka wale wa mwanzo, waliopanda chombo bila kumjua mtu yeyote aliyekwisha kufika nacho. Alikuwa mkali pia juu ya ile hadithi maarufu ya mwaka 1838, meli mbili zilipofukuzana hadi New York zikafika kwa tofauti ya saa chache, na inasemekana ile ya mbele iliishiwa makaa ikachoma samani na milango.

"Uongo wa magazeti. Makaa yalibaki. Lakini nani atanunua gazeti lenye habari ya makaa yaliyobaki?"

Kuna meli moja tu ambayo hakupenda kuizungumzia. Iliondoka New York mwaka 1841 na haikuonekana tena. Hakuna ubao, hakuna pipa. Nilimwuliza jamaa za abiria wake walifanya nini. Alisema walikwenda bandarini, kila siku, miezi. Kila dohani iliyotokea walidhani ndiyo. Akasimama, akaenda kutazama kipimo cha joto ambacho alikuwa amekitazama dakika mbili zilizopita.

Nisimchore kama mtakatifu. Alikuwa mgomvi. Hakukubali neno la Kiingereza lisemwe mbele yake chumbani mle ikiwa Kiswahili kina neno lake. Wanawake wa Kikongo walipokuja kuomba mashine za kufulia zitengenezwe, wakachanganya na Kifaransa chao, aliwasahihisha mmoja mmoja mpaka wakasahau walichokuja kuomba. Na bado yeye mwenyewe aliongea na boila kwa Kiingereza. Nilimsikia kwa masikio yangu akiibembeleza. Nilipomwuliza akasema imetengenezwa hapa hapa Ontario, Kiswahili itakijulia wapi.

Alikuwa amekatazwa chumvi na daktari, na alikula machungwa kwa chumvi. Aliwacheka watu waliokwenda kanisani, lakini mtu wa kwetu akifiwa, Injinia alikuwa wa kwanza kufika na kuketi mlangoni kabisa, kofia magotini, na kuondoka kabla ya chakula. Mtu huyu aliyesoma habari za mawimbi miaka yote hakuwahi kukubali kupanda kivuko cha kwenda visiwa vya hapo Toronto, safari ya dakika kumi na tano. Tulimwalika siku ya pikiniki. Alikuja hadi gatini, akakagua kile kivuko kuanzia mbele hadi nyuma, akatutakia siku njema, akarudi nyumbani kwa basi.

Nilikuwa nashuka kwake mara nyingi kuliko nilivyohitaji kufua. Nisiseme nilikwenda kwa huruma. Nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya wazee, nawaosha watu wasiolijua jina langu, nikirudi namkuta Neema ananijibu kwa Kiingereza. Nilikuwa naongea Kiswahili, yeye anaelewa kila kitu, jibu linakuja kwa lugha nyingine. Chini kwa Injinia kulikuwa na joto, chai ya tangawizi ndani ya chupa, na mtu aliyemaliza sentensi zake. Mara nyingine nilikaa saa nzima nisiseme zaidi ya "enhe" na "ikawaje".

Habari ya mke wake aliniambia siku nguo zangu zilipogoma kukauka. Ilikuwa mwaka 2006, nadhani. Tulikuwa tumekaa mbele ya mashine, akasema, akiitazama inavyozunguka, "Mke wangu yuko Mwanza. Nilimwombea karatasi za kuja. Zilichukua miaka sita. Zilipotoka, akasema haji."

"Alisema kwa nini?"

"Alisema amepanda michungwa."

"Na wewe hukurudi?"

"Nilimuaga kuwa naondoka kwa miaka miwili," akasema. "Sasa hesabu."

Alimpigia simu kila Jumapili saa nne asubuhi, kwa kadi ya simu, kutoka kwenye simu ya ukutani chumbani kwa boila. Niliwahi kuwapo. Aliuliza mvua, akauliza paa, akauliza mguu wake unaendeleaje. Kisha pakawa na ukimya mrefu, yeye ameshika simu, na kule ng'ambo mtu mwingine ameshika simu. "Haya basi," akasema, akakata. Hawakujaliwa watoto. Kila mwaka alimtumia picha, amevaa suti ya kuazima, amesimama mbele ya gari la mtu. Hapo palikuwa na jambo moja lililonishangaza, kwa sababu katika safari yote ya ile meli yake ya Quebec kilichomuudhi kilikuwa kimoja tu: kwamba nahodha, baada ya dhoruba na injini kufa na chumvi yote ile, alipofika Uingereza aliingia kwanza bandari ya pembeni, akaisafisha meli na kuipaka rangi, ndipo akapanda mto kuingia London kwa madaha.

"Walikuwa wamefika," alisema kwa uchungu. "Wangefika jinsi walivyo."

Mwezi wa Desemba 2007 jumuiya yetu ilifanya sherehe ya Uhuru katika ukumbi ulio chini ya kanisa. Mwenyekiti alitaka mwaka ule pawe na kitu cha kuelimisha kidogo kabla ya muziki, na sijui nani alimtaja Injinia. Alijiandaa miezi mitatu. Upande wa nyuma wa karatasi ya kupambia kuta alichora ile meli kwa wino, urefu wa meza mbili, kila ubao, kila kamba, na wachochezi wanne wadogo mbele ya tanuri. Aliponionyesha, nilimwambia ni nzuri mno, na ilikuwa nzuri mno. Abiria saba aliwaweka kwenye sitaha. Hakuwachora nyuso.

Siku yenyewe alivaa ile suti ya kwenye picha. Watu walikuwa kama mia na hamsini: wanafunzi, familia za mtaa wa Thorncliffe Park, wafanyabiashara Waismailia waliokulia Dar na Tanga na walioongea Kiswahili kizuri kuliko watoto wetu. Injinia alibandika mchoro ukutani, akaanza kwa sauti ndogo. Kipaza sauti kilikuwa kinakoroma. Dakika kumi za kwanza watu walivumilia. Akaeleza mvuke unavyosukuma pistoni. Akaeleza makaa. Watoto wakaanza kukimbizana. Harufu ya pilau ikaingia, na nyuma kabisa mtu akauliza kwa sauti, "Na sisi hiyo meli inatuhusu nini?" Wengine wakacheka.

Injinia alisikia. Akaendelea. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia kwenye dhoruba, injini ya kulia inakaribia kufa, mshereheshaji alipokwenda pale mbele akamshika bega kwa heshima zote, akachukua kipaza sauti na kusema, "Tunamshukuru sana mzee wetu, historia ni kitu muhimu, na sasa chakula kiko tayari, tuanze na meza za upande wa kulia."

Mimi nilikuwa meza ya upande wa kulia. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Nilikuwa nimefanya kazi zamu mbili, nilikuwa na njaa, na kila mtu wa meza yangu aliinuka. Niliinuka. Nilipopata sahani yangu nikageuka, nikaona ukumbi mzima umempa mgongo, na yeye anabandua utepe wa gundi ukutani taratibu, kona moja baada ya nyingine, asichane karatasi. Mtu mmoja tu alikuwa amebaki kwenye kiti chake, na alikuwa Neema wangu, wa miaka tisa. Alimwuliza kitu kwa Kiingereza. Injinia aliinama kumsikia, kisha akakaa kwenye kiti cha jirani na kumjibu kirefu, kwa Kiswahili.

Njiani nilimwuliza Neema alimwuliza nini.

"Kinubi kilikuwa cha nani," akasema. Alisema neno hilo hivyo hivyo, kinubi. "Anasema hajui. Anasema ameshakitafuta sana."

Nilitaka kumwomba radhi Injinia. Nilishuka siku ya pili yake na sahani ya pilau, nikaikuta chai yake tayari na kiti cha pili kimevutwa, na yeye akazungumza juu ya valvu iliyokuwa ikivuja. Sikusema. Ule mchoro sikuuona tena.

Kiangazi kilichofuata akaniomba jambo, na katika miaka yote hakuwa ameniomba lingine. Alitaka kwenda Pictou. Treni hadi Nova Scotia, kisha basi. Alitaka kusimama mahali ilipoondokea. "Twende wote, Mama Neema. Mtoto atapenda. Kuona tu, halafu turudi." Nilimwambia ndiyo, mwakani, nikipata likizo. Mwaka uliofuata nilikuwa nasomea cheti cha uuguzi, nikamwambia mwakani. Alinunua ramani akaitundika. Mwaka wa tatu, 2010, hakuuliza. Mwezi wa Agosti nikashuka kufua, nikakuta mlango wake umefungwa na mtu mgeni anashika zamu.

Alikuwa amekwenda peke yake. Siku tisa. Aliporudi nilimkuta anapanga makopo ya grisi.

"Ilikuwaje?" nikamwuliza.

"Maji," akasema. "Maji tu, na watu wanakula aiskrimu."

Baadaye akaongeza kidogo. Alikaa gatini siku mbili. Palikuwa na ofisi ya wageni, na mama mmoja mzungu, mtu mzima, mwenye upole. Injinia alimwuliza wale abiria saba ni akina nani. Mama yule hakujua, akatafuta kwenye vitabu vyake, akapiga simu mahali, akaomba samahani. Kisha akamtazama vizuri, huyu mzee Mwafrika aliyesafiri siku zote zile kwa ajili ya swali hilo, akamwuliza kwa adabu kama ana udugu na mmoja wao.

"Ukasemaje?"

Injinia alikuwa ameshika kopo. "Nikamwambia ndiyo."

Nilijua ilikuwa lazima niseme kitu juu ya ahadi yangu, na nikasema chai ina tangawizi nyingi leo. Nilikuwa naogopa kwamba nikianza nitalia, nami sikuwa nataka kulia mbele ya mtu ambaye hakuwa analia.

Mwaka 2012 wenye majengo walileta boila mpya, ndogo, zinazoongozwa na kompyuta kutoka ofisi fulani ambayo hakuna aliyeijua iko wapi. Injinia alistaafishwa kwa keki. Alihamia nyumba za wazee upande wa Thorncliffe Park. Nilimsaidia kubeba majalada hadi kwenye gari, kumi na moja, na aliyaweka miguuni njia nzima. Mwaka huo huo nilipata kazi hospitalini, tukahamia Richmond Hill, mimi na Neema, kwenye nyumba yenye ngazi zake. Nilimtembelea mara mbili. Mara ya tatu nilipiga simu, haikupokelewa, na kutoka kule kwetu ni basi tatu. Hivyo ndivyo ilivyokwisha, bila ugomvi na bila kuagana.

Nilimwona tena Februari 2017. Nilikuwa nimempeleka rafiki yangu mmoja kwenye kliniki ya Thorncliffe Park kupigwa picha ya goti. Rafiki akaingia ndani, mimi nikabaki kwenye viti vya kungojea. Neema wakati huo alikuwa amekwenda Vancouver kusoma chuo, na nyumba yangu yenye ngazi ilikuwa na mtu mmoja. Nilikuwa natazama viatu vya watu, theluji inavyoyeyuka chini yake, nikaona suruali yenye mkunjo.

Alikuwa amekonda. Ile kofia ya sufu ilimwingia hadi masikioni. Pembeni yake aliketi mama mtu mzima, mnene, amevaa kitenge na juu yake koti jipya la baridi ambalo uzi wa kikaratasi cha bei bado ulining'inia mkononi.

"Injinia, shikamoo."

Alinitazama kwa muda. "Mama Neema," akasema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Halafu akageuka kidogo kwa mama yule, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayejaribu neno geni. "Huyu ni mke wangu."

Nilimwamkia, nikamkaribisha, nikamwuliza amefika lini. Novemba, akasema. Na kwa sababu nilikuwa nimepigwa na butwaa, lililokuwa moyoni likanitoka. "Mama, sisi tulijua wewe ulikataa kuja."

"Nani kasema nilikataa?" Hakukasirika. Alimtazama mumewe, kisha mimi. "Mwanangu, huyu alinitumia fomu. Fomu ya kwanza, fomu ya pili, fomu ya picha, fomu ya damu. Miaka sita fomu. Kila Jumapili anapiga, anauliza paa. Hakuniambia hata siku moja, 'njoo'. Nikasema, kama hanitaki, ya nini kwenda kukaa kwenye barafu ya watu? Nikapanda michungwa yangu."

Injinia alikuwa anatazama ukuta wa mbele, penye picha ya mapafu. "Nilidhani fomu inasema," akajibu.

"Fomu inasema mwaka wa kuzaliwa."

Mama wa Kipakistani aliyeketi mkabala na sisi alitabasamu bila kuelewa. Mke wa Injinia akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Mwaka juzi akalazwa, moyo. Akanipigia siku ya Jumatano. Nikajua kuna jambo, maana si Jumapili. Akasema, 'Njoo.' Neno hilo tu, simu ikakatika. Nikauza mbuzi, nikaanza fomu upya."

"Na sasa mko pamoja," nikasema.

"Tunazoeana. Miaka ishirini na tano, mwanangu. Anaamka asubuhi ananikuta jikoni, anashtuka. Na mimi nashtuka." Akamwekea sawa kola ya koti. "Jana alinieleza habari za meli kuanzia mchana mpaka jua linazama. Nilisikiliza yote. Nikamwuliza, hao watu saba, walikuwa wanaelewana? Akasema hakuwahi kuulizwa hilo."

"Sikuwahi," Injinia akasema.

Nilijua kuwa nisiposema wakati ule sitasema tena. "Injinia, ile safari ya Pictou. Nilikuahidi miaka miwili mfululizo. Na siku ile ukumbini nilisimama na wengine. Nisamehe."

Hakujifanya hakumbuki. Aliitikia kwa kichwa polepole, akafikiri. "Ulikuwa na mtoto na kazi mbili," akasema. "Mimi nilikuwa na meli tu." Halafu akauliza, "Neema?"

"Yuko Vancouver. Anasoma."

"Anapiga simu?"

"Jumapili," nikasema.

Alinitazama. Mkewe pia akanitazama. Nikahisi uso unapata moto.

Muuguzi kijana akatoka na karatasi mkononi, akasoma jina. Hakuna aliyeinuka. Akalisoma tena kwa nguvu zaidi, akilivunja katikati, akiweka mkazo mahali ambapo hapana mkazo, na watu wakatazamana kuona ni nani anayeitwa hivyo. Injinia alikuwa bado ananitazama. Masikio yake yalikuwa yamechoka, na hata kama yasingekuwa yamechoka, jina lile lilikuwa limeharibika kiasi ambacho mwenyewe asingelitambua.

Kwetu si kawaida mke wa umri ule kumwita mumewe kwa jina mbele ya watu. Mama yule aliweka mkono begani kwake, akasogea karibu na sikio, akamwita. Ni jina fupi, la kawaida tu, na alilitamka lote, bila haraka. Nilikuwa nimemjua mtu huyu miaka kumi na minne, nimekunywa chai yake, nimekalia kiti chake, na ndiyo mara ya kwanza nilikuwa nalisikia. Wazo la kuliuliza halikuwahi kunijia.

"Naam," Injinia akasema, mara moja, akainua uso. Akanyoosha mkono, mkewe akaushika, akamwinua.